Fimbo Niliyoitia Spoki

Nakumbuka siku ambayo Mzee Ogutu aliniuliza kimia chake cha kuopolea samaki kiko wapi, na kimia kilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mwanangu, tangu siku hiyo sijawahi kumsikia mtu akiuliza kitu kilipo, hata kama ni chumvi tu hapa mezani, bila moyo wangu kuruka kidogo.

Kaa hapo, na hiyo simu iweke chini. Hiyo fimbo ya kuvulia unayonionyesha tangu jana nimeiona vya kutosha: nyeusi, nene, ngumu kama bomba la maji, na bei yake ni ya kumfanya mtu auze godoro. Unasema Jumamosi ijayo wewe na wenzako wa kazini mnakwenda bwawa la Masinga kuvua kwa jigi, na unataka kuiagiza leo. Nisikilize kwanza. Masikio yangu yaliharibiwa na nyundo za Kamukunji, kwa hivyo nikipaza sauti usidhani ninakugombeza. Ingawa huenda nikakugombeza pia.

Wakati huo nilikuwa nafua masanduku ya shule Kamukunji, yale ya bati yenye kufuli. Nilipanga chumba Mbotela, mlango ukitazamana na wa Mzee Ogutu. Alikuwa Mjaluo mrefu, mtu wa ziwani, aliyestaafu kazi ya kuchomelea vyuma. Kazi hiyo ilikuwa imemla jicho la kushoto, kibanzi cha moto kiliruka kikaingia. Akabaki na la kulia. Kwa jicho hilo moja alifunga ndoana zake, alishona viatu vyake, na kila jioni alimsomea mkewe Biblia, maana Mama Atieno hakuwahi kwenda shule. Mama Atieno alikuwa na mzaha wake, kwamba wao wawili wana jicho moja la kusomea na linawatosha. Likumbuke hilo jicho, mwanangu, kwa sababu habari yote hii ni yake.

Kila Jumamosi Mzee alikwenda kuvua kwenye kwari moja iliyoachwa huko upande wa Njiru. Walichimba mawe mpaka maji yakatoka chini, wachimbaji wakaondoka, mvua ikajaza shimo, na watu wakatia samaki. Maji yalikuwa ya kijani na yenye kina kirefu. Pale hutupi ndoana mbali. Unashusha kipande cha madini ya risasi chenye ndoana mpaka chini kabisa, unakiinua kidogo, unakiacha kianguke, unakiinua tena, na kule chini kinayumba mfano wa samaki mdogo aliye mgonjwa. Ninyi mmeleta jina jigi. Mzee aliita kuchezesha, na alinialika nikachezeshe naye.

Nilihitaji fimbo, basi tukaenda Gikomba, kwa muuzaji mmoja aliyefungua marobota ya vitu vya michezo: raketi, viatu vya mpira, glavu, na mara moja moja fimbo za kuvulia. Sasa fikiria fundi wa bati akichagua fimbo. Mimi nilichagua kama tunavyochagua chuma. Nilizichukua moja moja, nikaziweka juu ya goti na kukandamiza. Iliyopinda nikairudisha. Iliyokataa kupinda nikaiweka kando, na nilikuwa nimekwisha kuipenda moja nene yenye bei ya juu kuliko zote.

Mzee Ogutu aliniangalia akicheka kifuani. Akavuta nyingine chini ya rundo, nyepesi, ya faiba ya rangi ya majani makavu, ambayo muuzaji alikuwa karibu kuitupa. Bei yake ilikuwa ya jozi moja ya viatu vya mitumba. Akavua kiatu chake pale pale katikati ya watu, akakifunga kwa kamba zake kwenye ncha ya fimbo, akakiinua. Fimbo ikainama kutoka nchani, ikaja polepole, ikaja mpaka katikati, ikasimama hapo na kiatu kikining'inia bila kurukaruka.

"Umeona vile imeenda?" akaniuliza. "Haijavunjika, haijasimama wima kama askari. Sasa shika mpini, ufumbe macho."

Nikafumba. Akaifungua ile kamba, akakwaruza ncha kwa ukucha wake. Nilisikia mkwaruzo ule kwenye kiganja, mwanangu, wazi kabisa, tena mimi ambaye viganja vyangu vilikuwa na sugu za nyundo. Akanipa ile nene nayo, akakwaruza tena. Sikusikia kitu.

"Hii nene ni kiziwi," akasema. "Hii ingine inasikia. Samaki akigusa, inakuambia. Akivuta, inamwachia kidogo, inamrudisha kidogo. Wewe kazi yako ni kutulia tu. Nunua hii."

Nikanunua hiyo. Sikuipenda, lakini yeye ndiye aliyechagua na nisingeweza kumkatalia mbele ya watu.

Jumatatu nikaibeba kwenda nayo kazini. Sijui nilitaka nini, nadhani sifa. Kimeu, tuliyekuwa tukifua naye bati, aliishika nchani na kuikunja mpaka ikakaribia mpini, akaiachia ikatetemeka muda mrefu.

"Mutiso amenunua mjeledi," akatangaza. "Enda nayo Kiamaiko bana, wakupe kazi ya kuchunga mbuzi."

Walicheka mpaka wa vibanda vya mbele wakaja kuuliza kuna nini. Nikacheka nao, lakini ndani nilikuwa nimeaibika vibaya sana. Kwetu Kamukunji kitu kinachopinda kwa mkono mtupu ni kitu kibovu, mteja anakirudisha. Wenzangu walipokwenda kula, nikachukua spoki za baiskeli, nikazipanga juu ya fimbo kuanzia mpini mpaka kupita katikati, nikazikaza kwa waya wa kufungia mahali saba, nikakata ncha za waya na kuzigonga zilale. Juu yake nikazungusha ule utepe mweusi wa mafundi wa umeme. Nikaijaribu kwa goti. Ikakataa kupinda. Nilifurahi, nakuambia ukweli, nilijiona nimeitia mfupa fimbo isiyokuwa na mfupa.

Jumamosi Mzee aliuona utepe tulipokuwa njiani.

"Ilifanya nini?"

"Ilipasuka kidogo, Mzee. Nikaifunga na utepe."

"Utepe si mbaya," akasema, na tukaendelea kutembea.

Hapo ndipo ningeweza kusema, na sikusema. Nilikuwa na njia nzima ya kwenda Njiru ya kulisema hilo. Kila mara nilipotaka kufungua mdomo niliona jinsi atakavyocheka kifuani, nikaufunga.

Tulikaa kwenye ukingo wa jiwe, miguu ikining'inia. Mzee alikaa kushoto kwangu, na alikuwa na sababu yake: jicho lake zima lilikuwa la kulia, kwa hivyo alipenda kukaa mahali ambapo mtu wake yuko upande huo, amwone. Nilichomeka kipande cha utumbo wa mbuzi kwenye ndoana, nikashusha risasi. Chini pale sikusikia kitu. Mzee alisema mara mbili, "Umeguswa," kwa kuangalia mshipi tu, na mara zote mbili mimi nilikuwa sijui.

Mara ya tatu hata kiziwi angejua. Kambare mkubwa, ambaye Mzee alimwita mumi, alishika na kuelekea chini. Fimbo haikuinama. Uzito wote ulinijia kwenye mabega na nikateleza juu ya jiwe, nikajizuia kwa kisigino. Samaki alipovuta nilivuta, alipotikisa kichwa meno yangu yaligongana.

"Wacha apige," Mzee alisema. "Wacha fimbo imchoshe. Usivute wewe."

Fimbo ingemchoshaje, na mimi nilikwisha kuifunga? Nikaendelea kuvuta kwa nguvu za mikono. Kambare akapanda, tukaona tumbo lake jeupe kwenye yale maji ya kijani. Mzee akapiga magoti, akachukua kimia chake cha mpini mrefu, akainama juu ya maji karibu kabisa na mshipi wangu. Niliona anakaribia mno. Nikajua kwamba anakaribia mno. Ningeweza kulegeza mshipi na kusema, Mzee, rudi nyuma, fimbo hii si ile unayoijua. Badala yake nilitaka kumaliza haraka, nikanyanyua kwa mikono miwili.

Ndoana ilikuwa imeshika ngozi kidogo tu ya mdomo, ikachanika. Ile risasi ikatoka majini ikapita mbele ya magoti yangu. Nilisikia sauti ndogo tu, kavu.

Mzee alikaa chini taratibu. Hakupiga kelele. Alifunika uso kwa mkono mmoja na kukaa hivyo, damu ikimtoka katikati ya vidole. Kisha akageuza kichwa upande wangu.

"Mutiso," akasema, "kimia kiko wapi? Kisianguke kwa maji."

"Kiko mkononi mwako, Mzee."

Akakishika kwa nguvu zaidi.

Lori lililokuwa limebeba mawe kutoka machimbo ya jirani lilitupeleka mpaka hospitali, dereva akipiga honi njia nzima. Nilikaa nyuma na Mzee juu ya kokoto nikiwa nimemkumbatia ili asirushwerushwe. Fimbo niliibeba pia, sijui kwa nini. Daktari alimkalisha muda mrefu chini ya taa, akamshona, akasema jicho limeumia ndani na damu imejaa. Akayafunga macho yote mawili, hata lile lililokwisha kufa, ili yasizunguke. Siku kumi alale bila kutikisika. Baada ya hapo bandeji ingefunguliwa na ingejulikana kama ataona.

Mama Atieno aliniuliza ilikuwaje. Nikamwambia samaki alichomoka. Ni kweli alichomoka.

Siku hizo sikuweza kufua. Nilipinda bati mahali pasipofaa, nikakata kifuniko kikawa kidogo kuliko sanduku, mpaka Kimeu akaninyang'anya mkasi. Siku ya nne Mama Atieno akagonga kwangu asubuhi.

"Mzee anataka ile fimbo mlichagua Gikomba," akasema. "Anasema mikono inakosa kazi pale kitandani, anataka kitu ya kushika. Utampelekea leo?"

Nikasema nitampelekea. Alipoondoka niliitazama ile fimbo nyuma ya mlango, na utepe wake mweusi. Mtu aliyefungwa macho huona kwa vidole. Angeugusa tu, angejua kuna chuma ndani.

Basi nilifanya nini? Ningependa kukuambia nilijipa moyo. Nilikwenda nayo Kamukunji, nikafungua utepe, nikakata waya, nikachomoa spoki zote na kuzitupa kwenye vyuma chakavu. Gundi niliitoa kwa mafuta ya taa. Fimbo nikaisugua kwa kitambaa mpaka ikang'aa, nikaikunja kidogo, ikainama vizuri kama siku ile ya kiatu. Nikatembea nayo mpaka hospitali nikijiambia kwamba kitu cha kuonwa hakipo tena.

Mzee alifurahi. Aliweka mpini chini ya kwapa, akaniambia nishike ncha niikwaruze, akatabasamu chini ya bandeji. Kisha akaanza kuipapasa, kidole gumba juu, vingine chini, akipanda kutoka kwenye mpini. Kidole kikasimama.

"Hapa palifungwa nini?"

"Utepe, Mzee. Si nilikuambia."

"Utepe haukati."

Kidole kikapanda tena, kikasimama. Kikapanda, kikasimama. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amenyamaza anasikiliza. Alifika saba. Ule waya nilioukaza kwa nguvu zangu zote ulikuwa umekula ndani ya faiba, na mimi kwa macho yangu mawili mazima sikuwa nimeona chochote.

"Hii ni waya," akasema. "Waya ilikuwa inashika nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia spoki, nikamwambia kicheko cha Kimeu, nikamwambia na njia nzima ya kwenda Njiru. Na kwa kuwa mimi ni wa Kamukunji na sijui kunong'ona, wodi nzima ilisikia.

Mzee aliilaza fimbo kifuani. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana.

"Mimi niliinama karibu kwa sababu hiyo fimbo nilikuwa naijua," akasema mwishowe. "Nilichagua mwenyewe. Kama ungeniambia iko na chuma, ningekaa mbali. Ni hiyo tu, Mutiso. Ningekaa mbali."

Akaisogeza fimbo pembeni.

"Siku ya kufungua hii bandeji, uje. Hayo maneno umesema, uyaseme tena nikiangalia uso yako. Sasa enda kazini."

Mwanangu, sijawahi kuogopa siku kama nilivyoiogopa hiyo. Kama ataona, nitasimama mbele ya jicho hilo niseme. Kama hataona, itakuwa nimelizima mimi, kwa spoki za baiskeli na kwa kuogopa kuchekwa. Usiku haukunipa usingizi na mchana haukunipa njaa. Asubuhi ya siku ya kumi nilipanga nguo zangu kwenye mfuko. Nilikuwa nimeamua kwenda Machakos kwa mama yangu na nisirudi tena Mbotela. Kutoroka, kwa jina lake halisi.

Nilikuwa nafunga mfuko Mama Atieno aliposimama mlangoni, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Akaangalia mfuko, akaniangalia mimi.

"Mzee aliniambia yote," akasema. "Weka hiyo mfuko chini, twende. Vile vibao vya hospitali mimi siwezi kusoma, na mwenye kunisomea ndiye ako ndani."

Nikauweka chini. Tulitembea pamoja, na kule hospitali nilimsomea kibao baada ya kibao, mpaka tukafika.

Daktari alifungua bandeji polepole, mzunguko kwa mzunguko. Mama Atieno alishika chuma cha kitanda. Jicho lilikuwa jekundu na limevimba, likapepesa, likatulia. Mzee aligeuza uso upande wa dirisha, akauweka hapo kidogo.

"Mutiso ako?"

"Niko, Mzee."

"Sema."

Nikasema. Nilisimama mbele yake kabisa na kumwambia kwamba nilifunga chuma kwenye fimbo aliyonichagulia, kwamba nilimdanganya kuwa imepasuka, na kwamba nilimwona akikaribia nikanyamaza. Nililia, sikuficha. Alikuwa ameelekeza uso kwangu muda wote, na nilidhani sijawahi kutazamwa namna ile.

"Nimekusikia," akasema.

Akanyoosha mkono ili anishike bega. Mkono ukapita hewani pembeni ya bega langu, ukarudi, ukapapasa, ndipo ukanipata. Hapo nikaelewa kwa nini hakusema kwamba ameniona.

Daktari alitueleza baadaye, bila kuzungusha maneno. Lile jicho lingejua mchana na usiku, lingejua kuna mtu mlangoni, lakini si mtu gani. Kusoma kulikuwa kumekwisha. Mama Atieno aliuliza swali moja tu, kama anaweza kwenda naye nyumbani siku hiyo hiyo.

Nilidhani hatanitaka tena machoni pake, na hilo nalo ni neno nililojifunza kutolitumia ovyo. Lakini baada ya majuma kadhaa alisikia mlango wangu ukifunguliwa akaita kutoka kwake kwa neno lao la ndugu, "Omera, Jumamosi unanipeleka ama nitafute mtu mwingine?" Nikampeleka. Nilimshika mkono njia yote ya Njiru, nikamkalisha kwenye jiwe lile lile, nikampa ile fimbo. Akashusha risasi, akainua, akaacha ianguke. Mimi nilikodolea mshipi macho yangu mawili na sikuona kitu.

"Huyu ni ngege, anaonja tu," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Hapa nimegusa majani." Kisha akatega kichwa, na fimbo ikaanza kuinama kutoka nchani, ikaja polepole, ikaja mpaka katikati. Hakuvuta. Aliiachia fimbo, ikaenda na samaki, ikarudi naye, ikaenda tena, na yeye ametulia tu. Mimi nilichukua kimia, lakini kabla ya kuinama nilimwambia niko wapi, na mkono wangu uko wapi, na uso wangu uko wapi. Tangu siku hiyo kila nilichofanya karibu naye nilikisema kwanza.

Tulivua hivyo Jumamosi nyingi, miaka mingi, mpaka aliporudi kwao na kuzikwa huko. Jioni nilikuwa nikiingia kwao kusoma Biblia, vibaya, nikipayuka kwa sauti yangu ya Kamukunji, na Mama Atieno akinirekebisha kwa sababu alikuwa anaijua kwa moyo. Mzee hakuwahi kunikumbusha jambo lile hata mara moja. Alinisamehe, alisema hivyo kwa mdomo wake. Mimi ndiye nimekuwa mzito kujisamehe, na sitakudanganya kwamba nimemaliza.

Sasa nikuambie la kufanya. Hiyo nyeusi ya kwenye simu usiiagize. Hiyo ni ya watu wanaoshusha vyuma vizito baharini kwa samaki wa kukuvuta wewe, na ninyi Masinga mtachezesha vipande vidogo. Nenda Gikomba asubuhi, hakuna haja ya kuuza godoro. Tafuta ya faiba, nyepesi, ile ambayo hakuna anayeigombania. Funga kiatu chako nchani uinue, uone kama inainama kutoka juu na kuja mpaka katikati bila kukatika ghafla. Fumba macho mtu akwaruze ncha, usikie kwenye kiganja. Pitisha uzi wa pamba ndani ya kila kipete cha kupitishia mshipi, ukinaswa ujue kipete kimepasuka na kitakata mshipi. Wenzako wakicheka kwamba umenunua mjeledi, wacha wacheke. Kicheko cha Kimeu kilikwisha siku ile ile, na nilikilipia kwa jicho la mtu mwingine.

Na la pili ndilo kubwa. Mtu akikaa karibu nawe, amekaa hapo kwa sababu ya anachokijua juu yako. Ukibadilisha kitu, mwambie. Mwambie mapema, ukiwa bado njiani, hata kama atakucheka, ili achague mwenyewe kukaa karibu au kukaa mbali. Usimchagulie kwa kunyamaza.

Ile fimbo iko nyuma ya mlango huu, Mama Atieno alinipa baada ya mazishi. Nilikuwa nimeiwekea siku kama ya leo. Ichukue uende nayo Masinga, ya Gikomba utaitafuta siku nyingine. Lakini kwanza fumba macho, mwanangu, weka kidole gumba hapo juu ya mpini na upande nacho taratibu. Utazipata, ni saba.

Mungu akupe mkono unaosikia na mdomo usiochelewa. Anayekaa kando yako aondoke mzima kama alivyokuja, na macho yake yote yakutazame ukizeeka. Nenda salama, na urudi uniambie samaki walikuwa wangapi.